Mama Pindo, Aliyemtangazia Mumewe Mpira

Habari za jioni, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni viti. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, kwa sababu mtu tunayemkumbuka leo hakupenda kusikilizwa nusunusu.

Tunamkumbuka Mama Pindo. Alikuwa fundi cherehani. Alishona mapazia, foronya na vitambaa vya meza. Alifariki mwezi uliopita, baada ya kuugua moyo kwa muda mfupi. Ameacha mume, binti mmoja, wajukuu wawili, na timu moja ya mpira iliyoko karibu na mkia wa ligi yake.

Tunarudia kwa aliyefungua redio sasa hivi. Mama Pindo, fundi wa mapazia, alimtangazia mumewe asiyeona mechi za timu ndogo ya mtaani kwao, msimu baada ya msimu. Hakuwa mtangazaji. Hakujua sheria za mpira. Tena, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, mpira wenyewe aliuchukia.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja. Ukimpelekea pazia lililoshonwa na fundi mwingine, hakutazama maua wala rangi. Alifunua chini kwanza, akaangalia pindo. Pindo likiwa limekwenda upande, alikurudishia kitambaa chako bila neno. Binti yake, ambaye ni fundi umeme, anasema hivi: "Mama alikuwa hawezi kukwambia kitu kimenyooka kama hakijanyooka. Watu walidhani ni ukali. Alikuwa hawezi tu, kama mtu asiyeweza kupiga mluzi."

Mumewe tutamwita Dereva, maana mtaa mzima unamwita hivyo, hata leo. Aliendesha lori la saruji maisha yake yote ya kazi. Siku za kazi alikuwa barabarani. Jumamosi alikuwa uwanjani. Mama Pindo alipenda kuwaambia wateja kwamba yeye ameolewa na Jumapili.

Timu yenyewe ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Kiwanda kilifungwa zamani. Mitambo ikauzwa, geti likaota kutu, timu ikabaki. Watu wanaiita Povu. Jezi zake ni za samawati, au zilikuwa za samawati. Timu iliyozaliwa penye sabuni hufua kupita kiasi. Wapinzani wakija huimba, "Povu halikai! Povu halikai!" Mashabiki wa Povu huwajibu, "Likikuingia machoni utajua!" Mashabiki hao wanaenea kwenye mabenchi manne ya shule. Siku ya mvua, mawili yanatosha.

Kisha Dereva akaanza kugonga vikombe mezani. Siku moja akagonga nguzo ya geti kwa lori, geti aliloingia kila siku ya kazi. Hospitali wakasema ni presha ya macho, na imechelewa kujulikana. Akaacha kazi. Jicho la kulia likazimika kabisa. La kushoto likabaki na mwanga kidogo. Aliweza kujua dirisha liko upande gani, basi.

Rafiki zake walimpeleka uwanjani mara moja. Walikuwa na nia njema, hilo tuliseme wazi. Povu ilifungwa tatu bila. Wao wakamwambia ni sare, na kwamba vijana wamecheza ajabu. Dereva akaanza safari ya kurudi nyumbani anapiga mluzi. Njiani wakapishana na gari la wageni, limejaa watu wanaoimba, "Tatu! Tatu! Tatu!"

Mluzi ukakatika.

Hakwenda tena. Mkewe alipomuuliza mbona hatoki, alijibu maneno ambayo binti anayakumbuka vilevile yalivyosemwa: "Mtu akinidanganya goli leo, kesho atanidanganya ngazi. Mimi sasa natembelea maneno ya watu. Nikikanyaga la uongo, naanguka."

Wasikilizaji wapendwa, kilichokuwa hatarini katika nyumba ile kilikuwa hicho. Je, Dereva angemwamini tena mtu yeyote amweleze dunia ilivyo? Kama hakuna, angebaki ndani.

Alibaki ndani. Alikaa kwenye chumba cha kushonea, kiti chake kimeegemea ukuta, kati ya marobota ya vitambaa na ubao wa kupigia pasi. Alisikiliza cherehani kama alivyokuwa akisikiliza injini.

"Fundi, huo mshono umeukimbiza."

"Ni mshono mrefu."

"Fundi, sindano hiyo imechoka. Ibadilishe."

"Ndiyo naibadilisha."

"Fundi, huyo mteja aliyetoka, nyayo zake hazina furaha. Umempunja kitambaa?"

Mwanamke akavumilia. Kumvumilia mume anayeumwa ni jambo moja. Kumvumilia msimamizi wa kazi usiyemwajiri ni jambo jingine. Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, Mama Pindo alizima cherehani, akaifunika, akamwekea mumewe viatu miguuni.

"Vaa. Twende huko kwenye mpira wako."

"Nani atanitazamia?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe hujui mpira."

"Sijui. Lakini nina macho, na sina haja ya kukufurahisha."

Binti anasema baba yake akaanza kutafuta tundu la kiatu kwa kidole gumba cha mguu.

Uwanjani walipokelewa na Kipaza. Kipaza ni mwenye bucha la mtaani, na jina lake linajieleza. Akinong'ona, mbwa hubweka mtaa wa pili. Alipowaona wanakuja wameshikana mikono, alisimama juu ya benchi akatangaza:

"Jamani, tazameni! Dereva haoni, na utingo hajui njia!"

Watu wakacheka. Mama Pindo akapangusa benchi kwa leso, akamkalisha mumewe, ndipo akamgeukia.

"Na wewe shemeji unaona, na njia unaijua. Mbona timu yako inafungwa kila wiki?"

Watu wakacheka zaidi. Kipaza akashuka kwenye benchi.

Mpira ukaanza. Dereva akamwinamishia mkewe sikio.

"Haya, niambie."

"Kuna vijana wengi."

"Ishirini na wawili."

"Sijawahesabu. Wetu wamevaa samawati iliyopauka. Wenzao wamevaa bluu ya wino, kitambaa kizuri, kola zimekaa. Wetu mmoja kaptura imemfumuka pembeni, ndiye mwenye mpira. Amempa mwenye soksi zisizofanana. Huyo anakwenda, anakwenda... ah. Amenyang'anywa."

"Na nani?"

"Na kola nzuri."

Dereva akatikisa kichwa. Lakini hakusema turudi. Mkewe hakujua beki ni nani wala kiungo ni nani. Mavazi aliyajua. Mchezaji mwenye mfuko uliochanika, mwenye jezi iliyokuwa ya kaka yake, mwenye kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine: alimweleza kila mmoja mpaka Dereva akaanza kuwatambua. "Mwenye soksi zisizofanana, huyo ni fundi bomba. Namjua. Mwambie bomba letu linavuja." Na Mama Pindo akapaza sauti, akamwambia. Winga akainua mkono, huku anakimbia, akajibu kwamba atakuja Jumatatu.

Ikafika mapumziko. Mama Pindo akaenda kununua karanga. Aliporudi, kipindi cha pili kimeanza.

"Niambie," Dereva akasema.

Mama Pindo akatazama uwanja. Akatazama tena.

"Wetu hawapo."

"Hawapo vipi?"

"Wameondoka. Wameingia watu wengine, wamevaa njano."

"Watu gani?"

"Sijui. Hawajajitambulisha. Lakini wanacheza vizuri kuliko wetu."

Wasikilizaji wapendwa, ukweli ni huu. Samawati ya Povu na bluu ya wageni zilimchanganya refa. Wakati wa mapumziko aliwaamuru Povu wabadilishe, nao wakavaa fulana za mazoezi, za njano. Kila mtu kwenye benchi alilijua hilo isipokuwa Dereva na mkewe. Benchi zima lilianguka kicheko. Kipaza alishikwa mabega asidondoke. Na Dereva alicheka mpaka akavua miwani yake myeusi kufuta machozi. Hakuwa amecheka tangu hospitali.

"Mnacheka nini?" Mama Pindo akauliza. "Mimi nimesema nilichoona."

Watu wa njano walifunga mawili wakashinda. Miezi mingi baadaye, kila Povu ilipozidiwa, Dereva aliuliza kwa upole, "Fundi, leo wale wa njano hawakuja?"

Tangu Jumamosi ile hawakukosa mechi, isipokuwa kwa ugonjwa au harusi, na harusi zenyewe Mama Pindo alianza kuzilalamikia. Mwanamke aliyechukia mpira alijikuta anajua ratiba. Tulitaka kujua kilichombadilisha ni nini. Mumewe anasema hakupenda mpira hata mwishoni. Alipenda Povu, na hayo ni mambo mawili.

Alipenda kwamba kipa ni yule yule mwoka mikate wa kona. Akifungwa kizembe Jumamosi, Jumapili asubuhi unampata nyuma ya kaunta, mikono ina unga, na ni lazima akusikilize mpaka akupe chenji. Alipenda kwamba mpira ukiruka ukuta, unaangukia kwenye kamba za nguo za jirani, na mechi nzima husimama kungoja mwenye nyumba amalize kugomba. Alipenda kwamba wakati wa mapumziko unaweza kuingia uwanjani mwenyewe kwa miguu yako, ukasimama penye alama ya penalti, ukaona goli lilivyo kubwa, ukajiuliza straika wetu anakosaje. Alipenda safari za ugenini nyuma ya lori la kukodi. Dereva akikaa mbele, alimwambia dereva mwenzake kila kona inapokuja, na alikuwa sahihi.

Binti yake aliwahi kumwuliza kwa nini asishabikie timu kubwa kama watu wengine, zenye jezi mpya na televisheni. Mama Pindo alijibu: "Timu kubwa unaijua, yenyewe haikujui. Hii yetu, ukikosa kuja Jumamosi, Jumatatu inakuuliza ulikuwa wapi."

Utangazaji wake haukubadilika. Wachezaji wa ukuta wakati wa faulo aliwaeleza hivi: "Wanne wamejipanga, wamejishika mbele, kama wanaume wanaopimwa suruali." Beki mzembe: "Ameachia mshono, wamepita wote." Straika aliyepaisha mpira: "Ameukata mkubwa, haukuingia." Watu wa mabenchi mengine wakaanza kusogea. Wanaona wenyewe, macho yao mazima, lakini walitaka kusikia. Kipaza alihama kabisa mwanzoni. Alisema mama huyu anamvurugia mpira. Baada ya mechi chache alirudi, akakaa nyuma yao, akawa kazi yake ni kubisha.

"Shemeji, ile haikuwa goli! Alikuwa ameotea!"

"Mimi nimeona mpira wavuni, na mtu pembeni ameinua kibendera. Sababu ulizaneni wenyewe."

"Lakini lazima uelewe maana ya kuotea."

"Wewe umeelewa miaka yote hiyo. Imetusaidia nini?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi kwa Jumamosi. Mara nyingi walifungwa.

Sasa tufike kwenye mechi ambayo kila tuliyezungumza naye aliitaja kabla hatujauliza. Ilikuwa ya mwisho wa msimu. Povu ilihitaji sare tu. Ikipata sare, inabaki kwenye daraja lake. Ikifungwa, inashuka. Tunarudia: sare inatosha.

Wiki hiyohiyo, ule mwanga kidogo wa jicho la kushoto ulizimika. Dereva aliamka asubuhi akauliza kwa nini mkewe hajafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Tangu siku hiyo hakula vizuri. Hakukosoa cherehani hata mara moja, na hilo ndilo lililomtisha mkewe kuliko yote. Jumamosi alivaa viatu bila kuambiwa, lakini njia nzima hakusema kitu.

Habari zilikuwa zimefika uwanjani kabla yao. Kipaza alimvuta Mama Pindo pembeni. Siku hiyo kweli alijitahidi kunong'ona.

"Shemeji, tumekubaliana wote. Leo huyu mzee hafungwi. Mambo yakiharibika, sisi tutapiga makofi, wewe mwambie sare. Mwaka huu aumalize vizuri. Mengine tutamweleza polepole."

"Mtamweleza lini?"

"Tutaona."

Mama Pindo hakukubali. Wala hakukataa. Alisema, "Wacheze kwanza." Mumewe anaamini alikuwa ameyumba siku hiyo. Mwenyewe baadaye alimkiria kwamba alipokuwa anapangusa benchi, hakujua atasema nini.

Povu ilifungwa mapema. Akamwambia. Povu ikasawazisha kwa kichwa cha fundi bomba. Akamwambia hilo pia, kwa urefu, pamoja na soksi. Ikawa moja kwa moja. Dakika zikayoyoma. Mabenchi yote manne yalikuwa yamesimama isipokuwa watu wawili, Dereva na mkewe, naye mkewe alichungulia kati ya migongo ya watu.

Karibu na mwisho, mtu mmoja wa timu ya wageni alipiga shuti hafifu. Kipa wetu alikwenda kuudaka. Mpira ukapita.

Na mabenchi yakapiga makofi.

Yalipiga kama walivyopanga. Wengine wanalia huku wanapiga. Mashabiki wa wageni walikuwa wachache, na kelele zao zilizama humo ndani. Dereva akageuza uso.

"Kumetokea nini?"

Kipaza alikuwa ametoka nyuma yao, amesimama mbele ya Mama Pindo, ameupa uwanja mgongo. Ameinua mikono miwili, kila mkono kidole kimoja. Moja kwa moja. Midomo yake inasema bila sauti: tafadhali, shemeji.

"Fundi. Kumetokea nini?"

Watu waliokuwepo wanasema kimya chake kilikuwa kirefu. Wametofautiana ni kirefu kiasi gani. Hawakutofautiana juu ya alichosema.

"Tumefungwa. Kipa ameteleza, mguu wa kushoto. Mpira umepita chini ya tumbo lake polepole, hata wavu haukutikisika. Amelala kifudifudi, hataki kuinuka. Na Kipaza amesimama hapa mbele yangu, ananiomba nikudanganye."

Makofi yakafa. Kipaza akabaki na vidole vyake hewani.

Dereva akauliza, "Amevaa nini?"

"Nani, kipa?"

"Kipaza."

"Shati la mistari. Kifungo cha tatu amekiingiza kwenye tundu la nne. Upande mmoja umepanda, tumbo linachungulia."

Dereva akaanza kutikisika mabega. Watu waliokuwa karibu walidhani analia. Mwenye bucha mwenyewe alisogea kumshika mkono. Ndipo wakaona anacheka.

"Kwa shati hilo," akasema, "ungemdanganya nani?"

Filimbi ikalia. Povu imeshuka daraja. Tunarudia kwa waliochelewa: ilifungwa mbili kwa moja, ikashuka daraja. Wachezaji waliketi chini. Wazee walijifuta uso kwa mashati. Dereva peke yake alisimama, akapiga mikono yake miwili pamoja, kama mtu aliyepata barua ya uhamisho mzuri.

"Mnanuna nini? Daraja la chini viwanja viko karibu! Hakuna tena kupanda lori mpaka kiuno kinakatika. Tutakwenda kwa miguu. Na huko chini kuna timu mbovu, jamani, huenda hata tukashinda!"

Akaomba apelekwe kwa kipa. Mkewe akamwongoza mpaka kwenye boksi dogo, hatua kwa hatua, "hapa kuna shimo, hapa pamelowa." Kipa bado alikuwa amelala. Dereva akapiga magoti, akatafuta bega lake kwa mkono.

"Wewe. Mguu wa kushoto uliteleza, si ndiyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Mpira ukapita tumboni."

"Ndiyo."

"Haya. Limekwisha. Kesho asubuhi nataka mikate miwili, na isiungue kwa huzuni."

Kipa anatuambia kwamba aliondoka uwanjani siku ile anacheka, jambo ambalo mpaka leo hajui alieleze vipi. Jioni ileile, Mama Pindo alipoketi kumalizia pazia la mteja, sauti ilitoka kwenye kiti kilichoegemea ukuta: "Fundi, huo mshono umeukimbiza." Binti alikuwa mlangoni. Anasema mama yake alipunguza mwendo.

Wasikilizaji wapendwa, tungependa kuwaambia kwamba Povu ilipanda tena msimu uliofuata. Haikupanda. Ilikaa huko chini, na iko huko mpaka leo. Lakini Dereva alikuwa sahihi: viwanja vilikuwa karibu, na mechi kadhaa walishinda. Mama Pindo alieleza kila goli, la kwao na la wenzao, kwa kipimo kilekile. Ilipotokea kwamba goli la wapinzani ni zuri, alisema ni zuri. Kipaza alilalamika. Baadaye akazoea kuuliza, "Shemeji, lilikuwa zuri kweli, au ni mimi?"

Moyo wa Mama Pindo ulianza kumsumbua mwaka huu. Mechi zake za mwisho alizitangaza kwa sentensi fupi, akipumzika katikati, na benchi zima lilinyamaza ili asilazimike kupaza sauti. Alilazwa. Binti anasema siku za mwisho mama yake alimweleza Dereva hali yake mwenyewe kama alivyoeleza mpira. Daktari amevaa nini. Daktari amesema nini. Uso wake ulikuwaje alipokuwa anasema. Kwa hiyo Dereva alijua. Hakuna aliyehitaji kumweleza polepole.

Alizikwa katikati ya wiki. Wachezaji wa Povu walibeba jeneza, na kipa alifunga duka lake la mikate kwa mara ya kwanza.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na mechi. Hakuna aliyemtarajia Dereva. Alikuja, akiongozwa na binti yake, akakaa mahali pake. Binti alilazimika kuondoka. Kuna nyumba alikuwa ameiacha bila umeme. Mpira ukaanza. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, likatokea jambo ambalo mabenchi yale hayajawahi kulifanya. Yalinyamaza. Kila mtu aliogopa kufungua kinywa. Nani aseme? Aseme kwa maneno gani? Kipaza, hata Kipaza, alitazama viatu vyake. Mpira ulikwenda upande huu, ukaenda upande ule, na mtu asiyeona alikaa katikati ya watu wanaoona, hasikii kitu ila kishindo cha miguu.

Dereva akavumilia kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la wageni:

"Jamani, mechi imeanza, au bado tuko msibani?"

Kipaza ndiye aliyeanza. Akasema mpira uko kwa mwenye... mwenye kaptura ndefu. Mtu wa nyuma akasema si ndefu, imeshuka tu kiuno. Mwalimu mmoja mstaafu akasema ni kwa sababu lastiki imekatika. Mwingine akasema wacheni kaptura, tumeshanyang'anywa mpira! Wakawa wanasema wote kwa pamoja, wanasahihishana, wanagombana, wanavutana mashati. Dereva amekaa katikati, kichwa ameinamisha, anageuza sikio huku na huku.

Povu ilifungwa mbili kwa moja. Dereva alirudi nyumbani anayajua magoli yote matatu.

Kwa niaba ya kipindi hiki, tunatoa pole kwa Dereva, kwa binti yake na wajukuu. Pole kwa wateja wenye vitambaa ambavyo havikuwahi kushonwa. Binti amesema viko salama, mvifuate. Pole kwa mwoka mikate, kwa fundi bomba na wenzao wote wa Povu. Pole kwa mwenye bucha. Alituomba tusimtaje sana, nasi tumeshindwa.

Nawe unayetusikiliza, kabla hujazima redio, mfikirie mtu mmoja anayetegemea maneno yako kujua mambo yalivyo. Inawezekana ni mgonjwa. Inawezekana ni mzazi wako, au mwenzako wa ndani. Mara ya mwisho ulipomwambia jambo, lilinyooka?

Povu inacheza tena Jumamosi hii, nyumbani, na timu inayoongoza ligi. Hakuna anayetarajia ushindi. Kwenye mabenchi, nafasi ipo.